Shangazi Ajibu: Nimeacha kazi nimtunze mama, je, serikali itanisaidia?

Toleo lililopita nilisema kwa kupita tu kwamba nilimuuguza mama yangu miaka sita hadi alipofumba macho. Sikutegemea barua zingefurika namna hii. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na nimeamua safu nzima ya leo iwe ya wanaotunza wazazi wao. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha.

*

"Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa pili kati ya watoto wanne. Mama alipatwa na kiharusi mwaka jana na upande wake wa kulia haufanyi kazi. Nilikuwa karani, sasa ni miezi saba tangu niache kazi ili nimuuguze. Ndugu zangu wanatuma wanachoweza, lakini akiba yangu imekwisha. Nasikia zipo nchi ambako serikali humlipa mtoto anayemtunza mzazi. Ni kweli? Na mtu anaanzia wapi?" — Binti wa pili

Marahaba mwanangu, na pole sana. Miezi saba ya kumgeuza mtu kitandani naijua ilivyo. Mgongo wako nao uulizwe hali.

Ni kweli, zipo, tena si nchi moja wala mbili. Lakini kabla sijakutajia hata moja, shika jambo hili, maana kutolijua ndiko kulikonigharimu mimi: karibu kila mahali fedha hizi hufuata hali ya mzazi. Hakuna ofisi itakayokulipa kwa sababu wewe ni mtoto mwema, wala kwa sababu umeacha kazi. Watakachouliza kwanza ni mama anashindwa kufanya nini bila mtu, mara ngapi kwa siku, na usiku inakuwaje. Hilo likishathibitishwa kwa maandishi ndipo milango mingine inafunguka, ukiwemo wa kwako. Wengi walioniandikia wameanzia upande wa pili. Wamejaza fomu zinazowahusu wao huku mzazi hajawahi kupimwa na mtu yeyote isipokuwa daktari, kisha wakashangaa kukataliwa.

Namna ya kuzitoa fedha zenyewe hutofautiana. Uingereza, Ireland na Australia humlipa mtunzaji kwa jina lake. Ujerumani humlipa mzee. Kule tangu mwaka 1995 kuna bima ya lazima ya matunzo. Mzee hupimwa na kuwekwa katika daraja la 1 hadi la 5, na kuanzia daraja la 2, akichagua kutunzwa nyumbani na jamaa zake, hupewa fedha taslimu kila mwezi. Mwaka 2025 zilikuwa euro 347 kwa daraja la 2 na euro 990 kwa daraja la 5. Ni zake mzee, na ndiye anayempa mwanawe. Austria nao wana mpango wa aina hiyo tangu 1993, wenye madaraja saba. Afrika Kusini, mwenye pensheni ya uzee ya serikali ambaye hawezi kujihudumia huongezewa ruzuku ndogo juu ya ile pensheni, ili apate cha kumpa anayemtunza.

Marekani serikali kuu haina posho ya mtunzaji kwa watu wote. Kilichopo ni Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, ambayo katika majimbo mengi humruhusu mgonjwa achague mwenyewe nani amhudumie nyumbani. Anaweza kumchagua mwanawe wa kumzaa, na huyo mtoto akalipwa kwa saa kama mfanyakazi mwingine yeyote. Masharti hubadilika jimbo kwa jimbo. Mume au mke mara nyingi hakubaliwi. Mtoto aliye mtu mzima mara nyingi hukubaliwa.

Kwa Afrika Mashariki, fedha zilizopo ni za mzee mwenyewe na hazitazami nani anamtunza. Kenya kupitia Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, kwa wote waliofikisha miaka 70, wakati huo ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Uganda hutoa shilingi 25,000 za kwao kwa wazee kuanzia miaka 80. Sitakudanganya kwamba hizo zinaziba pengo la mshahara wako. Lakini mzee aliyefikisha umri na hajaandikishwa anapoteza haki yake mwezi baada ya mwezi, na kati ya barua za safari hii zipo mbili za familia ambazo hazikuwahi hata kuuliza. Kenya ina pia fungu la watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji mtu wa kuwahudumia muda wote, na mlezi ndiye anayepokea kwa niaba yao. Ukiwa Kenya, kaulize kwa ofisa wa ustawi wa jamii kuhusu mafungu yote mawili, la wazee na la ulemavu.

Hukuniambia uko nchi gani, kwa hiyo nikupe kinachofaa popote: jiandae kwa siku ya kupimwa. Nikueleze kwa nini nasisitiza.

Mpimaji alipokuja kwetu mara ya kwanza, mama alivaa gauni lake la kutokea. Alimsubiri kitini ameketi wima. Akaulizwa kama anaoga mwenyewe, akasema naoga. Akaulizwa kuhusu ngazi, akasema polepole napanda. Akaombwa asimame, akasimama, akaenda hadi dirishani akishika meza na mgongo wa kiti, akarudi. Nami nilikuwa pale pembeni nimenyamaza, kwa kuwa sikutaka kumvunjia mama heshima mbele ya mgeni. Mgeni alipotoka, mama alilala hadi asubuhi ya pili yake, na usiku ule tulibadilisha shuka mara mbili. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua: hahitaji msaada wa kiwango kinachostahili malipo. Nilimkasirikia yule mpimaji muda mrefu. Leo siwezi. Aliandika alichoonyeshwa, na mtu aliyepaswa kumwonyesha mengine nilikuwa mimi.

Mara ya pili nilikuwa na daftari. Siku kumi na nne, mchana na usiku, kila nilipomsaidia niliandika saa na nilichofanya. "Saa nane usiku, kaamka, kaikosa njia ya msalani, nimemwosha, nimebadili shuka, kalala saa tisa na robo." "Saa moja asubuhi, kuvaa, vifungo vimemshinda, dakika ishirini na tano." "Saa tano, kabaki peke yake nikianika nguo, nimemkuta sakafuni, hakuumia." Usiandike "anasaidiwa kuvaa", kwa sababu hakuna anayeweza kupima maneno hayo. Andika mkono gani haunyanyuki, anashikwa wapi, inachukua muda gani. Andika pia saa ulizokaa tu kumwangalia asianguke au asitoke nje. Kumkalia mtu macho ni kazi, na nchi nyingi huihesabu, lakini watunzaji wengi huiacha kwa sababu mikono yao ilikuwa mitupu.

Kingine nilichofanya ni kuzungumza na mama siku moja kabla. Nilimwambia, "Mama, kesho usimwonyeshe siku yako nzuri. Mwambie kuhusu jana usiku." Alinitazama kwa muda. Halafu akasema, "Basi uwepo, nikishindwa kusema useme wewe." Ruhusa ile ndiyo niliyokuwa nimeikosa mara ya kwanza. Mwombe mama yako mapema, nyinyi wawili tu, mgeni hajaja.

Barua ya daktari, kitambulisho, akaunti kwa jina lake, na karatasi ya kukuruhusu kusema na ofisi kwa niaba yake: hayo utayapata ukiuliza, sitayarefusha. Ila mkikataliwa, tazama tarehe ya barua siku hiyohiyo. Muda wa kupinga uamuzi ni mfupi. Uingereza ni mwezi mmoja, Ujerumani pia mwezi mmoja. Kwangu barua ile ya kwanza ilikaa juu ya kabati hadi muda ukapita, ikabidi tuanze upya.

*

"Shangazi, shikamoo. Naishi Uingereza na baba yangu, ana ugonjwa wa kusahau. Nafanya kazi dukani saa chache kwa wiki. Mwenzangu mmoja kaniambia niombe posho ya mtunzaji, mwingine kanitisha kwamba kuna watu walilipwa kisha wakadaiwa maelfu. Nishike la nani?" — Kijana wa dukani

Marahaba. Wote wawili wamekwambia kweli.

Posho yenyewe inaitwa Carer's Allowance. Scotland wameibadilisha na yao iitwayo Carer Support Payment. Masharti makubwa ni haya: umtunze baba angalau saa 35 kwa wiki, usiwe mwanafunzi wa muda wote, na baba mwenyewe awe tayari anapata fedha za ulemavu zinazokubalika. Kwa aliyeanza kuhitaji msaada uzeeni, fedha hizo kwa kawaida ni Attendance Allowance. Unaona tunarudi palepale: baba kwanza. Kama bado hapati, jaza fomu yake wiki hii, kwa maana hailipwi kwa kurudi nyuma. Ya kwako inaweza kurudishwa nyuma hadi miezi mitatu. Na hesabu zile saa za kumwangalia. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuwa na miguu mizima kabisa na asiweze kuachwa dakika kumi.

Sasa hayo madeni. Kuanzia Aprili 2025 posho ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, na kipato cha kazi hakikutakiwa kuzidi pauni 196 kwa wiki. Ukizidisha hata pauni moja, hupunguziwi kidogo, unaikosa posho ya wiki hiyo yote. Watu wengi walipitiliza kidogo bila kujua, pengine kwa kuongezewa saa wakati wa shughuli nyingi, wakaendelea kulipwa miezi au miaka, kisha wakaandikiwa deni la jumla. Wengine walifikishwa mahakamani. Kilio kilikuwa kikubwa hadi serikali ikaagiza uchunguzi huru mwaka 2024. Nilipokuwa nafuatilia habari zile nilishindwa kulala, kwa sababu wale ni watu waliokuwa wanaamka saa nane usiku kama nilivyokuwa naamka mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila karatasi ya mshahara, toa kodi, toa bima ya taifa, toa nusu ya unachochangia pensheni ya kazini, halafu tazama kilichobaki. Kiandike. Mwajiri akikuomba uongeze saa, mwambie utamjibu kesho, nenda ukapige hesabu. Ukizidisha, wajulishe ofisi wewe mwenyewe kwa maandishi na utunze nakala. Viwango hubadilika kila Aprili, kwa hiyo Machi iwe desturi yako kuangalia vipya.

Kuna mambo mawili ambayo mwenzako pengine hakuyagusa. La kwanza ni viza. Kama kibali chako kinasema huruhusiwi kutumia fedha za umma, posho hii ni mojawapo ya fedha hizo, na kuiomba kunaweza kukuharibia ukaaji wako. Usijaze chochote kabla hujamuuliza mshauri wa sheria za uhamiaji anayetambulika. Hata mwenye kibali kizuri kwa kawaida hutakiwa awe ameishi nchini miaka miwili kati ya mitatu iliyopita. La pili ni fedha za baba. Kama anaishi kwa Pension Credit, yaani fedha za serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, na ndani yake kuna nyongeza ya ulemavu mkubwa, wewe ukianza kulipwa yeye anaweza kupoteza ile nyongeza, na nyumba nzima ikabaki na kidogo kuliko mwanzo. Hilo lipimwe kwa jumla, fedha zake na zako zikiwa kwenye ukurasa mmoja.

*

"Shangazi, kaka yetu mkubwa amesema kuchukua fedha za serikali kwa kumtunza mama ni sawa na kumuuza mama. Amesema hayo mbele ya watu. Mimi ndiye ninayelala chumba kimoja na mama. Tangu siku hiyo fomu iko mezani, mkono haushiki kalamu. Nimekosea?" — Mimi wa mwisho

Hapana, hujakosea. Barua yako niliisoma nikaenda nje kidogo.

Kaka yako anaweza kuwa anampenda mama kwa dhati. Lakini alichokisema kina historia ndefu, na historia hiyo haikuwatendea haki wanaolala chumba kimoja na mama. Uingereza walipoanza posho hii mwaka 1976 waliwaacha nje wanawake walioolewa. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanamke wa namna hiyo yuko nyumbani vyovyote vile, kwa hiyo hapotezi kitu. Jacqueline Drake alikuwa ameolewa, akaacha kazi mwaka 1984 kumtunza mama yake mlemavu, akaomba, akanyimwa kwa sababu hiyo. Shauri lake lilifika hadi Mahakama ya Ulaya, na mwezi Juni 1986 akashinda. Alichoshinda ni kutambuliwa kwamba alikuwa na kazi, akaiacha, na kwamba anachomfanyia mama yake kina uzito uleule akifanya binti aliyeolewa au asiyeolewa. Hakuna aliyesema amemuuza mama yake.

Nitakuwa mkweli kwako pia kuhusu upande wa pili, kwa sababu wapo wenye busara walioukataa mpango wa fedha taslimu kwa sababu nyingine kabisa. Wajapani walipoanzisha bima yao ya matunzo mwaka 2000, ambayo kila mtu huchangia kuanzia umri wa miaka 40, walibishana sana juu ya jambo hili. Miongoni mwa waliopinga watunzaji kulipwa ni wanawake wenyewe. Waliona kwamba mkaza mwana akishawekewa hela kidogo mkononi, familia nzima itasema si unalipwa, na hatatoka tena ndani. Wakataka waletewe wahudumu nyumbani na vituo vya mchana badala ya fedha, na ndivyo ilivyopitishwa. Hofu yao naielewa. Niliiona kwetu: malipo yalipoanza kuja, simu za ndugu zilipungua.

Hata hivyo mimi nasimama upande wa kuchukua, ukiwa tayari umo ndani ya kazi hiyo. Wewe hutafuti sababu ya kuingia, umeshaingia. Fedha hizo ni za nepi za mama na za wewe kwenda kwa daktari wa mgongo. Ila ukichukua fedha, omba na mapumziko. Finland mtunzaji huwekeana mkataba na mamlaka ya eneo lake, na sheria inampa angalau siku mbili za mapumziko kila mwezi, au tatu ikiwa mgonjwa hawezi kuachwa saa zote. Mnapokaa na kaka yako, usibishane naye kuhusu kuuza. Mwombe siku mbili kwa mwezi. Alale yeye chumba hicho, aandike kwenye daftari, wewe uondoke kabisa. Nadhani baada ya usiku wa pili hata yeye atakuletea kalamu.

*

"Shikamoo. Baba anahitaji mtu, na mimi ndiye nisiye na familia. Nina miaka 44. Nikiacha kazi sasa, uzee wangu mimi utatunzwa na nini? Naona vibaya hata kuuliza." — Asiye na watoto

Marahaba, na usione vibaya. Hili ndilo swali ambalo sikuliuliza.

Niliacha kazi kwa barua ya mistari mitatu. Nilipokuja kutazama kumbukumbu zangu za michango ya pensheni, ile miaka sita ilikuwa tupu, mstari baada ya mstari. Hakuna aliyeniibia. Hakuna tu aliyeniambia kwamba mahali pengine miaka hiyo ingeweza kujazwa.

Ujerumani, kama mzee yuko daraja la 2 au zaidi, nawe unamtunza angalau saa 10 kwa wiki zilizogawanyika siku mbili au zaidi, na hufanyi kazi nyingine zaidi ya saa 30 kwa wiki, bima ya matunzo hukuchangia pensheni yako. Fedha hizo huzioni mkononi na ndiyo maana watu huzisahau. Uingereza anayelipwa posho ya mtunzaji huandikiwa michango ya bima ya taifa bila kuomba, na asiyelipwa lakini anatunza saa 20 kwa wiki anaweza kuomba aandikiwe. Pasipo na mpango huo, chunguza uchangiaji wa hiari. NSSF ya Kenya na ya Tanzania zote hupokea wanachama wa hiari. Hata ukichangia kidogo sana, daftari lako lisikae tupu kama langu.

Tena usiandike barua ya kuacha kazi bado. Uliza kwanza kuhusu likizo ya kumtunza mzazi. Japani mfanyakazi ana siku 93 kwa kila mgonjwa wa familia, anaweza kuzigawa mara tatu, na bima ya ajira humlipa asilimia 67 ya mshahara. Marekani sheria ya mwaka 1993 inatoa hadi wiki 12 kwa mwaka, bila malipo, kwa walio kwenye kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi na waliotimiza muda unaotakiwa. Baadhi ya majimbo, California ikiwa ya kwanza mwaka 2004, hulipa sehemu ya mshahara. Ujerumani kuna siku kumi za dharura kwa mwaka zenye malipo, mahususi kwa kupanga matunzo. Wiki chache za namna hiyo zingenitosha kumpeleka mama kupimwa, kuwakalisha ndugu kitako na kujua nani anafanya nini, huku jina langu likiwa bado kazini. Na huenda ningerudi kazini kwa nusu siku. Nimeliwaza hilo mara nyingi.

Jambo la kuambiwa wewe ndiye kwa kuwa huna familia, lizungumze na ndugu zako kabla ya likizo. Kutokuwa na watoto kunakufanya uhitaji pensheni zaidi yao.

*

"Shangazi, mama alifariki wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nalipwa posho kwa ajili yake. Bado fedha zinaingia na ninaogopa kuzigusa. Sijajua nimwandikie nani." — Mwana wa marehemu

Pole sana mwanangu. Mungu ampumzishe.

Fedha hizo si lazima ziwe kosa. Nchi kadhaa humwachia mtunzaji muda kidogo baada ya msiba kwa kuwa zinajua hawezi kupata kazi siku ya pili: Uingereza posho ya mtunzaji inaweza kuendelea hadi wiki 8, Ireland wiki 12, Australia hadi wiki 14 kwa wanaopata Carer Payment. Ujerumani, kwa sababu fedha ni za mzee, huishia mwisho wa mwezi aliofariki. Fedha zilizokuwa za mama mwenyewe, pensheni yake au za ulemavu, ni jambo lingine. Hizo usizitoe hadi ofisi iseme.

Wajulishe wiki hii. Barua iwe fupi: jina lake, namba yake, tarehe aliyofariki, na swali moja kuhusu malipo yako yanaendelea hadi lini. Omba jibu kwa maandishi. Kama una dada au rafiki, aketi nawe unapoiandika, au aiandike yeye wewe utie sahihi.

Na kama uliweka daftari, usilitupe na makaratasi mengine mnapopanga chumba. Wakiuliza chochote kuhusu wiki zile za mwisho, majibu yamo humo. La kwangu bado ninalo.